Springi za Mbele na Nyonga ya Baba

Niliponunua gari nilimwahidi baba jambo moja: kila Jumapili nitampeleka kanisani na kumshusha mlangoni kabisa. Baba ni mstaafu wa reli na mzee wa kanisa, na wakati huo nyonga yake ya kushoto ilikuwa imeanza kumsumbua. Kwa miezi michache nilitimiza ahadi. Akina mama walisimama kumtazama akishuka, naye alijifanya hawaoni.

Kisha nikajiunga na vijana wenye magari yaliyoshushwa hadi karibu kugusa lami. Nasema vijana, lakini mimi nilikuwa na miaka thelathini na minane na kitambi. Waliniambia gari lisiloshushwa ni la walimu wakuu. Nikaamini, maana mtu mzima akitaka kudanganyika hahitaji msaada.

Fundi wao alikuwa na karakana mtaa wa Section 58, karibu na kwetu. Alichuchumaa akazitazama springi za mbele kama daktari anayetafuta pa kukata.

"Boss, nikitoa mizunguko miwili hapa mbele, itainama poa sana. Itakaa ni kama inanusa lami."

"Na mashimo je?"

"Mashimo ni shida ya watu wa magari za juu."

Jibu hilo lilinitosha. Akawasha grenda, cheche zikaruka, vipande viwili vya springi vikaanguka sakafuni. Kazi ya wahandisi wenye shahada ilisahihishwa kwa dakika ishirini na mtu aliyekuwa akitafuna mahindi.

Tangu siku hiyo nikawa natambaa. Matuta niliyavuka kwa mshazari, nimebana pumzi. Kwa shangazi kule Mau Narok, kwenye barabara ya mawe, nilikuwa nikienda kwa simu tu. Lakini mjini watu waligeuza shingo, nami nikajidai, mgongo ukiniuma.

Jumapili baba aliingia garini kwa kujiangusha. Kazi ilikuwa kutoka. Kiti kilikuwa chini mno na nyonga ikakataa. Alishika mlango, akajisukuma, akaangukia magoti kwenye kokoto mbele ya kanisa. Mama mmoja akadhani ameguswa na Roho, naye akapiga magoti kando yake. Wengine wakafuata. Kabla sijazunguka gari, watu sita walikuwa wakiomba pale chini, baba yuko katikati, suruali ya suti imechanika gotini, akisema amina kwa sababu hakuwa na lingine la kusema.

Nilicheka. Naona aibu kuliandika, lakini nilicheka.

Jumapili iliyofuata niliamka nikakuta ameshaondoka kwa tuktuk. Iliyofuata pia, na nyingine baada ya hiyo. Nyumba ilikuwa kimya hata kicheko changu kikaanza kunichoma. Nikarudi kwa fundi nikamwambia aweke springi nzima.

"Boss, sasa umezeeka," akasema, lakini akaziweka.

Jumapili nikamsubiri baba mlangoni. "Baba, nimeiinua. Twende."

Alilizunguka gari, akapima urefu wa kiti kwa kiganja, akaketi bila kuguna. Nilifurahi kama mtoto. Njia nzima tulizungumza habari za mvua. Tulipokaribia kanisa akanigusa bega.

"Nishushe hapa kwa kona."

"Kwa nini? Si nikufikishe mlangoni?"

"Waliniuliza mbona siku hizi nakuja na tuktuk." Alikuwa akitazama mbele. "Nikawaambia uliuza gari ndio nitibiwe mguu."

Nikazima injini.

"Walikupigia makofi, kijana yangu. Kanisa nzima. Pasta akakuombea."

Alishuka mwenyewe, akafunga mlango polepole, akaanza kuchechemea kuelekea kanisani. Nami nikageuza gari haraka, kabla mtu hajatokea akaniona nalo.