Mrija Ndani ya Abti

Abti, kaka wa mama yangu, alikuwa dalali wa ng'ombe Garissa. Mwaka ule wa korona, kabla ugonjwa haujatufikia, maumivu ya mawe kwenye figo yalimwangusha sakafuni, akawa anauma kilemba chake ili watoto wasimsikie akilia. Tukampeleka Nairobi. Daktari akampitishia mrija mwembamba wa plastiki kutoka figo hadi kibofu, mkojo upate njia.

"Mawe bado yamo," alituonya. "Uvimbe ukishuka mrudi niyavunje, niutoe na mrija. Msiuache humo."

Tulirudi nyumbani. Punde barabara za kuingia Nairobi zikafungwa.

Nilipopiga simu, muuguzi aliniambia upasuaji usio wa dharura umesimamishwa, vitanda vyote ni vya wagonjwa wa korona. "Anaumwa?" Nilimtazama Abti akinywa chai yake. Nikasema haumwi. "Basi asubiri."

Soko la mifugo likafungwa, na misikiti pia. Abti akaamini amepona. Kila nilipoutaja ule mrija alinikatiza. "Abti," aliniita, maana kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo hivyo, "nikienda hospitali watanitia karantini nife peke yangu. Mimi siumwi. Niache."

Nikamwacha, miezi ikapita. Tukawa tunasali nyumbani, mimi na yeye bega kwa bega, na hapo ndipo nilipoanza kuona. Alikatiza sala, akatoka, akarudi na udhu mpya, kisha akatoka tena. Nilipokwenda chooni baada yake nilikuta matone ya damu sakafuni. Alisema ni joto.

Alasiri moja, jua likiwaka, nilimkuta amejifunika blanketi mbili, meno yakigongana. Majirani waliosikia neno homa walifunga milango. Nilimpeleka hospitali ya mjini. Walimpima joto langoni, wakampeleka moja kwa moja kwenye hema la washukiwa wa korona. Mimi nilizuiwa nje ya uzio.

"Ana mrija kwenye figo!" nilipiga kelele. Mhudumu aliyevaa mavazi meupe hadi usoni alinipungia mkono nisogee nyuma.

Majibu yalipokuja, hakuwa na korona. Alikuwa na usaha kwenye figo. Ndipo walipompa kibali cha kuingia Nairobi na gari la wagonjwa, nami nikaketi kando yake hadi Nairobi, nikiogopa kila alipofumba macho.

Daktari yule yule alitoka chumba cha upasuaji akiwa amechoka. Mrija wenyewe ulikuwa umeota mawe pande zote, ukashikamana na nyama. Figo ilikuwa imeoza, hakuweza kuiokoa, akaitoa.

Abti alipozinduka nilimweleza yote. Mkono wake ulipapasa bandeji ubavuni.

"Wameizika?" akauliza. "Figo yangu. Wameizika wapi?"

Niliwauliza wauguzi wawili. Hakuna aliyejua.