Sinia la Bi Rehema

"Huyu hatoshika cheti maisha yake, hawezi kushika hata kata ya maji." Maneno hayo aliyasema Bi Rehema, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta Jang'ombe, mbele ya mama yangu na mimi nikisikia. Leo diploma yangu ya ufundi wa mafriji, niliyoisomea Maskati, imetundikwa ukutani, na karakana yangu ina mafundi wanne. Sina kinyongo. Nasema tu.

Enzi zetu mtaa uliishi kwa kuazimana. Nyumba hii ina kinu, ile ina mbuzi wa kukunia nazi, ya tatu ina sinia la pilau, na anayetumwa ni mtoto. Nami nikitumwa, nikimkuta fundi baiskeli kaipindua matairi juu, naweka sinia chini nitazame mnyororo. Mara nasikia harufu ya urojo, naifuata. Nikifika nyumbani naulizwa sinia liko wapi, nashangaa kama naulizwa habari za mtu mwingine.

Skuli, mwalimu hajamaliza kuandika tarehe ubaoni, mimi nimeshahesabu boriti za dari mara mbili. Nilichapwa, nikasomewa, nikanyweshwa kombe, maji yaliyooshewa aya. Niliambiwa "Tulia!" mpaka nikadhani ndilo jina langu. Majuzi daktari alinieleza hali ya binti yangu Sabra, wa miaka minane: akili inakimbilia kila kinachopita, inaitwa ADHD, si ukaidi. Nikacheka. Alikuwa ananieleza mimi.

Bakora sikuzijali sana. Kilichonikaa ni hitma ya babu. Mama alikwenda kuazima masinia, milango minne ikamjibu jibu moja: "Bi Zuwena, tungekupa, lakini atakayerudisha nani?" Pilau ikaliwa kwa zamu, kwenye masinia mawili. Toka siku hiyo mama hakubisha hodi kuazima kitu tena.

Aliyenijulia ni maalim wa chuo cha Kurani. Alinipa ndoo nijaze birika la msikiti, kila ndoo aya moja. "Huyu miguu ikisimama na kichwa kinasimama," alisema, "muacheni atembee." Nikahifadhi kuwashinda waliokaa mkekani. Maskati nako nilisoma hivyo hivyo, kitabu mkononi, nikizunguka juu ya paa. Wenzangu walicheka, kisha wakaja kuomba niwaeleze hesabu.

Niliporudi nilinunua kila nilichopoteza. Orodha mama alikuwa nayo kichwani, hakusahau hata bakuli. Kwetu chombo cha watu hukirudishi kitupu, basi kila kimoja nilikitia halua. Mama akatangulia, mimi nyuma na mzigo, mlango kwa mlango. Wa mwisho Bi Rehema.

"Shikamoo, Bi Rehema."

"Marahaba." Akaligeuza sinia. "Langu lilikuwa na ua la buluu katikati."

"La ua sikulipata, Bi."

"Na hiyo diploma ya nini?"

"Ya mafriji."

"Aa! Basi njoo ulitazame langu, haligandishi."

Nikalitengeneza siku ile ile. Sikutoza.

Vijana wa leo wana raha: simu ikipotea wanaipigia, nayo inaitika. Sinia halikuitika. Lakini siku hizi kila jikoni pana mashine yake, na jirani unaweza usimuone mwezi mzima. Sabra hajawahi kutumwa kuazima kitu. Hana cha kupoteza, wala hana wa kumrudishia.

Alasiri ya siku ile niliyorudisha vyombo, sauti ya Bi Rehema ilipita juu ya ukuta: "Bi Zuwena! Niazime mbuzi wako, wangu jino limekatika!"

"Naam, anakuja!" mama akajibu. Akamchukua mbuzi jikoni, akampita Sabra, akawapita wajukuu wengine wote, akaniwekea mimi mkononi.

"Mpelekee."

Nje palikuwa na mtu kapindua baiskeli yake. Sikusimama.