Flopi ya Bibi Minza

Cheka kwanza, umalize, ndipo nikusimulie. Jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, mchana, sebuleni kwangu hapa Bariadi, na sikuwa na homa wala sikuwa nimeonja kitu. Mimi ni mtu wa nyumbani. Kwenda sokoni tu kwangu ni safari ya kuagwa. Ningetaka kutunga uongo, si ningejiweka mahali pazuri kuliko kwenye stuli yenye mguu uliolegea?

Ilikuwa miaka ile biashara zilipofunguliwa, kila mtu akawa mfanyabiashara, na ofisi zilizokufa zikauza vitu vyake mnadani. Kaka yangu akaniletea kompyuta ya mnadani, yenye mdomo mpana wa kumeza flopi kubwa zile laini kama chapati, na mdomo mdogo wa flopi ngumu za kisasa. Nilikuwa na kidato cha nne na vidole vya kutaipu. Nikajiita mtaalamu, nikatundika kibao kwamba nahamisha mafaili ya zamani.

Mteja wangu wa kwanza wa maana alikuwa mzee Masunga, kiongozi wa kwaya kutoka Mwamapalala. Alikuja na flopi moja kubwa kwenye mfuko wa sukari. Ndani yake mlikuwa na nyimbo za Bibi Minza, mtunzi wao, aliyekuwa mpiga chapa kwenye kiwanda cha pamba. Bibi alishafariki. Jumapili askofu anakuja kutabaruku kanisa jipya, na wanakwaya wamegombana kuhusu maneno ya wimbo wa kuingilia, kila mmoja anakumbuka vyake. Wengine walishasusa mazoezi.

“Mayu,” akaniambia kwa heshima, kama unavyomwita mama mtu mzima, ingawa nilikuwa sijaolewa, “bila hiyo flopi tutaimba wimbo wa kuazima. Mbele ya kaburi lake, palepale kanisani.”

Nikamwambia arudi jioni. Kujiamini kwangu, acha tu.

Flopi haikusomeka. Nikaipuliza, nikaifuta, nikaibembeleza. Mashine ikawa inaniuliza niache au nijaribu tena. Mvua ikaanza kupiga bati. Nilipoinua macho, bibi mmoja mwenye kitenge alikuwa amesimama mlangoni, mkavu kabisa. Mkavu, niamini, na mvua yote ile.

Nikamwambia karibu, shida yako nini, kama nilivyoona watu wa ofisini wanavyosema. Hakuingia. Alinitazama hadi magoti yangu yakajikunja yenyewe. Kwetu binti hamsalimii mkubwa akiwa ameketi kwenye stuli. Nikapiga magoti nikasema, “Mwadila,” ndipo akacheka na kuingia.

“Na huyo je?” Akaelekeza kidevu kwenye kompyuta. “Umemsalimia?”

“Bibi, hii ni mashine.”

“Alichobeba kimetoka kwa watu. Unakidai maneno kabla ya kukijulia hali. Nani alikulea, mjukuu wangu, kuku?”

Wewe ungefanyaje? Nikageuka na magoti yangu, nikaisalimia kompyuta. Nikaiuliza habari za nyumbani, za ng'ombe, za mvua. Aibu ilinijaa hadi masikioni. Na ile mashine ikanguruma, grr, grr, taa yake ikawaka, na wimbo ukafunguka.

Ila kila neno lilikuwa limeharibika mwisho. Programu ile ya zamani ilikuwa na siri yake: herufi ya mwisho ya neno iligeuka alama ya ajabu, kama mdudu aliyekanyagwa. Bibi hakujali. Akaanza kuimba kutoka kwenye skrini, pamoja na wadudu wake wote, na mimi nikimsikiliza nikajua mdudu yupi ni herufi ipi. Aina zao zilikuwa chache tu. Nikarudi kwenye stuli, nikaiamuru kompyuta iwabadilishe wote kwa mpigo, nikahifadhi kwenye flopi mpya, nikachapa nakala. Tuliimba pamoja hadi mguu wa stuli ukakatika, na bibi akanicheka nikiwa chini.

“Mwambie Masunga,” akasema akitoka, “ubeti wa tatu asiimbe. Afungue mdomo tu.”

Haijapita dakika, jirani yangu Kabula akaingia akidondosha maji, kuomba kiberiti. Nikamuuliza kama amepishana na bibi mlangoni. Hakupishana na mtu. Kisha akaitazama kompyuta.

“Mwenzangu, umeme wa mtaa mzima umekatika tangu mvua ianze. Wewe unatumia nini?”

Skrini ikazimika hapohapo. Karatasi zilibaki mkononi mwangu, za moto.

Jioni nikampa Masunga nyimbo zake, nikamfikishia na ujumbe. Akaketi kwenye sakafu. Nilidhani amezimia, kumbe anacheka, machozi yanamtoka. “Ni Minza huyo. Kila Jumamosi alikuwa ananiambia hivyo mbele ya watu.”

Jumapili nilitoka nyumbani, mimi, hadi Mwamapalala. Waliosusa walirudi wote. Kwenye ubeti wa tatu Masunga alifungua mdomo tu, kama alivyoagizwa, na ukweli usemwe, wimbo ulipendeza zaidi. Upande wa akina mama sauti ilizidi kwa mtu mmoja. Waligeuka kutazamana, lakini hakuna aliyenyamaza.

Tangu siku hiyo siwashi kompyuta yoyote bila kupiga magoti, na wachumba wawili wamenikimbia kwa ajili hiyo. Nawe nakuonya: ukiwa na flopi ya marehemu kabatini, kabla hujaileta kwangu, jiulize kama alikuwa na neno la kukusahihisha. Maana atakuja kulisema.