Kupima Kompyuta kwa Msiba wa Mama

Kwetu mtu aliye mbali hapewi habari ya msiba kwa haraka. Anaambiwa mgonjwa yupo, anaendelea na dawa, hivyo hivyo, mpaka wakubwa wapate namna ya kumwambia. Mdogo wangu yuko Uarabuni, anafanya kazi za ndani. Mama tulimzika kijijini Issuna, yeye akaja kuambiwa watu wameshatawanyika. Akaniambia kwenye simu, "Kaka, mmenidanganya. Siamini kama mama amekufa mpaka nione. Nataka msiba wote, usikate hata kidogo."

Haya. Binamu yetu alikuwa amerekodi siku nzima, na kazi yangu ndiyo hiyo, kuhariri video za harusi na misiba kwenye chumba nilichopanga mjini, Utemini. Kwa simu isingefika, ilikuwa ndefu mno. Lakini kuna dada mmoja wa Kiomboi anayefanya kazi mji mmoja na mdogo wangu. Alikuwa nyumbani likizo na angeondoka Jumamosi. Flashi ilitakiwa iende naye, la sivyo sijui ingeenda na nani.

Shida kompyuta. Imezeeka. Kwa mwendo wake wa kawaida, kuitoa video ndefu vile iwe faili moja ni kutwa na zaidi, na umeme wetu hauna subira hiyo. Ukikatika, unaanza upya. Nikaingia kwenye mipangilio, nikaiongezea prosesa, ule ubongo wa kompyuta, mwendo kuliko ule iliotoka nao kiwandani. Ukishafanya hivyo lazima uipime. Unaipa kazi ngumu makusudi kwa programu ya kupimia, unaangalia joto linavyopanda, unasubiri uone kama itaganda. Niliipima Jumapili baada ya ibada, dirisha wazi, upepo unaingia wenyewe. Ikakaa mpaka jioni bila kutetereka. Nikalala nimeridhika.

Jumatatu nikauweka msiba. Ikaganda jeneza likiwa mlangoni. Nikaanza upya, ikajizima wakati kwaya imesimama. Nikapunguza mwendo kidogo, ikafika kwenye maombi, ikazima tena. Nimekuja kushtuka Jumatano. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta ana mashine ya kukamulia alizeti, na ikianza kunguruma taa zangu zinafifia. Umeme unashuka, na prosesa niliyoiongezea mwendo ndiyo inautaka mwingi zaidi. Jumapili jirani amefunga, ni mtu wa kanisa kama mimi. Sasa mtu mzima na akili zangu, napima kompyuta siku ambayo mtaa wote umezima mashine. Nilijicheka, halafu nikachoka hata kucheka.

Ningemwomba azime angezima, ni mtu mwema. Lakini ulikuwa msimu, wakulima wamejipanga pale nje na magunia yao tangu asubuhi. Sikuwa na uso wa kuwaambia warudi kesho.

Nikaachana na programu ya kupimia. Nikapima kwa msiba wenyewe, mashine ya jirani ikiwa inanguruma. Nashusha mwendo kidogo, naanza upya, nakaa. Ikizima, nashusha tena. Mama alitolewa ndani mara nyingi sana mbele yangu, mpaka nikawa silitazami jeneza, natazama ule mstari unaosogea chini ya kioo, na namba za joto. Shangazi anaanguka pale mlangoni, anamwita mama kwa Kinyaturu, na mimi najisemea, hapa ndipo inapogandaga. Macho yaliuma, mgongo uliuma, na nilikuwa na hasira na kila mtu, hata na marehemu kwa kuzikwa na ibada ndefu vile.

Ijumaa mchana ikatoka nzima. Nikaipeleka flashi stendi mwenyewe, ipande basi la Kiomboi kwa yule dada, nikarudi nikalala na viatu.

Mdogo wangu alinipigia siku yake ya mapumziko. Hakunisalimia. Alikuwa analia kile kilio tulicholia sisi Issuna, mpaka pumzi zinamkatika.

"Kaka, nimemwona," akasema. "Kweli mama amekufa."

Nilitaka kumpa pole. Nilikuwa nayo mdomoni kabisa. Kilichonitoka ni, "Haijaganda popote?"

Akavuta kamasi.

"Haijaganda, kaka," akasema, kisha akaendelea kulia peke yake.