Mjaza Kegi Ukweni

Tangazo lililobandikwa kwenye mlango wa kiwanda halikutaka cheti wala uzoefu. Lilitaka "mtu mwenye mgongo mzuri na asiye na haraka." Nililisoma mara mbili, nikajipima. Nilikuwa na miaka thelathini na minane. Nilishauza soli za viatu. Nilishalinda geti la ghala ambalo liliibiwa nikiwa macho kabisa. Nilishafundisha watu kuendesha gari, hadi siku gari lenyewe lilipogoma kuendelea na masomo. Mgongo nilikuwa nao. Na haraka sijawahi kuwa nayo, muulizeni mke wangu.

Mwenye kiwanda alikuwa mama mrefu, mkavu wa maneno, anayepika bia kwa mikono yake mwenyewe. Wafanyakazi wote watano tulimwita Mama Kimea, maana nguo zake, nywele zake, hata kalamu zake zilinukia shayiri iliyochipushwa. Alinionyesha pipa la chuma, akaniambia nilibebe hadi ukutani. Nikalibeba. "Njoo kesho," akasema. Ulikuwa usaili mfupi kuliko wote niliowahi kufanyiwa, na wa kwanza kufaulu.

Pipa lile ndilo kegi. Lina ujazo wa lita thelathini na tundu moja tu juu, na ndani ya tundu hilo umesimama mrija mrefu unaofika hadi chini. Kegi zinarudi kutoka kwenye baa zikiwa na mabaki yaliyochacha. Mimi natoa presha iliyobaki, naziosha kwa maji ya moto na dawa kali, nazisuuza, halafu natia gesi, ndipo natia bia. Watu huuliza kwa nini nijaze gesi kwenye chombo ninachotaka kukitia bia. Ni kwa sababu bia ikidondokea kwenye chombo kitupu inashtuka, yote inageuka povu. Inataka kupokewa. Inaingia polepole, inaisukuma gesi itoke kidogo kidogo, nami naweka kiganja ubavuni mwa kegi. Palipo na baridi kali ndipo bia ilipofika. Kiganja kinapanda na ule ubaridi hadi mabegani mwa kegi, karibu na tundu, nafunga, napandisha kwenye mizani, nabandika lebo, nasukuma kegi kwenye chumba cha baridi. Naanza nyingine.

Kazi hiyo naiweza. Naomba mlishike neno hilo vizuri, kwa sababu sitajisifu tena kwa muda mrefu.

Balaa langu lilianzia kwenye kitenzi. Baba mkwe alikuwa mpima ardhi, mtu wa kunyoosha kila kitu, hata vijiko mezani. Siku moja tumewatembelea, akaniuliza, "Siku hizi unafanya nini, mwanangu?"

Nilipaswa kusema, "Najaza bia kwenye kegi." Nikasema, "Natengeneza bia, baba."

Akaitikia kwa kichwa, kwa heshima ambayo sikuwahi kuiona tangu nimuoe binti yake. Nikainywa ile heshima yote. Mke wangu, ambaye ana duka la dobi, aliwaaga wazazi wake kwa tabasamu. Alingoja tufike njiani.

"Unatengeneza?"

"Kwa namna fulani."

"Basi na mimi nafua makoti ya madaktari. Kuanzia kesho natibu."

Ningeweza kurudi nikasahihisha. Lakini uongo mdogo ni kama mgeni wa siku moja, ukimwona anatundika shati ukutani ujue amehamia. Kwa miaka miwili nilikuwa mtaalamu wa ukoo. Shemeji yangu mkubwa, kaka wa mke wangu, aliniuliza kwa nini bia nyingine huwa nyeusi. Nikamjibu bila kupepesa kwamba inawekwa gizani muda mrefu. Akaenda kuwaambia wenzake kazini.

Kisha baba mkwe akastaafu. Familia ikapanga kumfanyia sherehe ya mchana nyumbani kwake, na shemeji akanipigia simu. "Fundi, tumegawana kazi. Kinywaji ni chako. Tusione chupa, lete ile yako ya pipa."

Mama Kimea alinipa kegi moja kama zawadi, na mtungi mdogo wa gesi, na bomba la kumiminia. Akanitazama. "Unajua kuimimina?"

Nikacheka. "Mimi? Nimeshajaza kegi ngapi hapa?"

"Sikukuuliza kujaza. Ipeleke siku moja kabla, ilale kwenye barafu, itulie. Umesikia?"

Nilisikia. Sikio halikuwa na tatizo lolote. Tatizo ni kwamba ningeipeleka siku moja kabla, nani angeniona nikiingia nayo? Nilitaka wageni wawe wameshakaa. Kwa hiyo nikasubiri siku yenyewe, karibu na saa sita, jua limesimama utosini, nikakodi pikipiki ya magurudumu matatu. Barabara ya ukweni ina mashimo ambayo dereva aliyajua yote na hakulikwepa hata moja. Kegi iliruka, ikalala ubavu, ikajiviringisha. Nikaikumbatia safari nzima. Tulifika mimi na kegi tukiwa tumeloa jasho.

Wageni walikuwa arobaini na kitu. Nikavaa aproni niliyoipiga pasi mwenyewe. Nikafungia bomba kwenye kegi, nikaunga gesi, na badala ya kunyamaza kama mtu mwenye akili, nikatoa hotuba. Nilieleza kwamba bia ni kiumbe mpole, anayehitaji mkono unaomjua. Mke wangu akainuka, akaenda jikoni kutafuta kitu ambacho hakikupotea.

Nikashika glasi ya baba mkwe. Nikafungua bomba nusu, kwa adabu. Likatoka povu. Nikamwaga, nikarudia. Povu. Jagi zima, povu tupu, jeupe, zuri, lingefaa kunyolea ndevu. Nikajiambia gesi ni kidogo. Nikaiongeza. Bomba likakohoa mara moja, likapiga chafya, na shati jipya la shemeji likapokea sehemu yake.

"Ndivyo inavyoanza," nikawaambia wageni.

Baba mkwe aliinua glasi yake hadi usawa wa macho, akafumba jicho moja kama anayetazama mpaka wa kiwanja. "Povu sentimita kumi na moja," akasema taratibu. "Bia sentimita moja. Mwanangu, huu ndio uwiano wenyewe?"

Kabla sijapata uongo wa kumjibu, sauti ikatoka kiti cha nyuma. "Mkwe, zima hiyo gesi kabla hujaua mtu."

Alikuwa shangazi, dada mkubwa wa baba mkwe, mkoba mapajani, miwani kwenye ncha ya pua. Nilijua amewahi kuwa na biashara. Sikujua kwamba biashara yenyewe ilikuwa baa, miaka ishirini na sita, yeye mwenyewe nyuma ya kaunta. Katika utaalamu wangu wote sikuwahi kumuuliza.

Akaja, akaweka mkono juu ya kegi kama anayempima mtoto homa.

"Umeileta lini?"

"Sasa hivi, shangazi."

"Juani?"

"Kidogo."

"Ikatikisika?"

"Niliikumbatia."

"Ungemkumbatia mtu hivyo kwenye barabara ile, na yeye angetapika."

Wageni walicheka hadi mmoja akaomba maji. Na mimi nilicheka, kile kicheko cha mtu aliyeanguka mbele ya watu akainuka kusema hajaumia. Shangazi akatoa amri kama kamanda. Kegi ikaingizwa kwenye beseni kubwa la kufulia, kivulini, tukaijazia barafu na maji, tukaifunika kwa magunia yaliyoloweshwa. "Mtu asiiguse kwa muda wa saa tatu. Chai ipo, juisi ipo, hakuna atakayekufa."

Nikabaki nimekaa pembeni ya beseni na aproni yangu. Kila aliyepita alikuwa na neno. "Mgonjwa anaendeleaje?" "Daktari, saa za kuona wagonjwa ni zipi?" Shemeji alikuja amebadili shati, akanitazama kwa muda mrefu. "Ile habari ya gizani," akaniuliza, "ni kweli?"

"Hapana, shemeji. Ni shayiri iliyokaangwa hadi ikaungua kidogo."

"Nimewaambia watu kumi na tano."

Halafu baba mkwe akavuta kiti, akakaa karibu yangu. Akainyoosha kona ya gunia iliyokuwa imepinda.

"Baba, mimi sitengenezi bia. Najaza tu. Naosha mapipa, natia bia iliyopikwa na mtu mwingine, nafunga."

"Najua," akasema.

"Nani amekwambia?"

"Mkeo. Wiki ileile." Akanyoosha kona ya pili. "Mimi nimepima viwanja miaka thelathini na minne. Watu wakiniona na kile kidude cha miguu mitatu walidhani mimi ndiye ninayegawa ardhi. Walinisalimia kwa mikono miwili. Na mara nyingi, mwanangu, sikuwakatalia." Akanigeukia. "Hiyo kazi ya kujaza, unaifanya sawasawa?"

"Hakuna kegi yangu iliyowahi kurudishwa."

"Basi."

Shangazi aliporudi alinisimamia kama mwalimu wa darasa la kwanza. Nilipofungua bomba nusu, akanipiga kofi mkononi. "Fungua yote! Bomba si mlango wa chumba cha wakwe, eti unachungulia kwanza." Akaishusha presha, akanifanya niinamishe glasi, bia ishuke ukutani mwake bila kuanguka. Glasi mbili za kwanza zilikuwa povu, akazimwaga bila huruma. Ya tatu ilitoka ya rangi ya asali, na kofia nyeupe juu. Baba mkwe akaipima kwa jicho moja. "Sentimita mbili. Inakubalika." Wageni wakapiga makofi, na hawakunipigia mimi.

Jumatatu nilimsimulia Mama Kimea. Sikuwahi kumwona akicheka. Siku ile alishikilia tangi asianguke. Alipomaliza, alifuta macho akatoa adhabu: kila Ijumaa, baada ya kujaza, nisimame kaunta ya mbele, kiwanda kinakouzia bia kwa glasi, nijifunze kumimina. Mwezi wa kwanza sakafu ilikunywa kuliko wateja. Mzee mmoja alizoea kuniuliza kama yupo mwingine wa kumhudumia. Siku hizi haulizi, ingawa bado anaitazama glasi yangu kwa mashaka kabla ya kuonja.

Juzijuzi shangazi alikuja kiwandani bila taarifa. Alikataa kukaa mbele na wateja. Alitaka kuona "kule unakojifichia." Nikamwekea kiti karibu na mtambo wa kuoshea, akaweka mkoba mapajani, nikaendelea na kazi. Nikaosha, nikatia gesi, nikafungua bia, nikaweka kiganja. Moja, mbili, hadi kumi na mbili. Yeye alikuwa nyuma yangu, na mimi mgongo wote ulikuwa masikio.

Nilipofunga ya mwisho akainuka, akaja kuigusa pale mabegani, akazungusha mkono polepole.

"Imejaa," akasema.

"Ndiyo, shangazi."

"Hapa sina la kukosoa, mkwe." Akarekebisha miwani, akayashusha macho hadi miguuni mwangu. "Ila hayo mabuti. Mtu na kazi yake nzuri, kidole kinachungulia nje kama jirani mbeya!"

Nikamsindikiza hadi barabarani nikitembea upande wake wa kushoto, ili alione buti la kulia, ambalo lilikuwa na nafuu.