Kurasa Nilizoruka Pale Mizani

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa mizani ya kuning'iniza, daftari, na penseli iliyofungwa kamba isije ikaibwa. Nilikuwa karani wa mizani, yaani mtu wa kupima majani ya chai shambani kabla hayajapelekwa kiwandani. Nyapara mkuu, mzee mfupi asiyecheka, alinionyesha kibanda cha mabati katikati ya shamba.

"Hapa ni majani mbili na chipukizi moja," aliniambia. "Ukiona jani nzee kwa kapu, rudisha. Ukihurumia mtu, wewe ndio utaenda nyumbani."

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Ugumu ulikuwa kungoja. Baada ya mizani ya alasiri, wachumaji hawakuruhusiwa kuondoka mpaka kila mmoja apakie gunia lake mwenyewe kwenye trekta, na trekta letu halikujua saa. Hata kukalia magunia ilikuwa marufuku, kwa sababu majani yakikandamizwa hupata joto na kuharibika. Basi walichuchumaa tu chini ya mabati ya kibanda, mvua ikinyesha, wakinung'unika.

Katika ukumbi wa kambi ya wafanyakazi kulikuwa na sanduku la vitabu ambalo ofisa wa ustawi aliyehamishwa aliliacha nyuma: hadithi kuu za kale za mataifa mbalimbali, zimetafsiriwa kwa Kiswahili, zimeliwa na panya pembeni. Siku moja nilibeba kimoja nikawasomea, nikitaka tu kelele zipungue. Kesho yake waliniuliza kiko wapi. Ikawa desturi. Dakika kumi, wakati mwingine saba, na trekta likinguruma nilifunga kitabu hata kama mtu alikuwa amenyanyua upanga.

Sitii chumvi nikisema tulisoma shule pale kibandani, mimi nikiwa mwanafunzi pamoja nao. Mama Kwamboka, mchumaji kutoka Kisii aliyeishia darasa la tatu, alibishana nami wiki nzima kama hakimu fulani wa kale alitenda haki. "Huyo alifuata sheria, Karani," alisema, "lakini hakuangalia mtu." Watu waliochuma chai toka alfajiri walijadili vita, wivu na Mungu, mikono yao ikiwa myeusi kwa utomvu. Nilijivuna sana siku hizo.

Kisha meneja akatupitia alasiri moja, akawakuta wanawake wakilia. Nilikuwa nimesoma sura ya mama anayemzika mwanawe. Aliniita kando.

"Karani, wakilia hivi leo, kesho watachuma na roho gani? Soma, sikukatazi. Lakini mambo ya matanga achia kanisa."

Tangu siku hiyo nilisoma vitabu nyumbani kwanza, nikaweka alama ya penseli kwenye kurasa za kuruka. Aliyekufa kitabuni, kwangu alisafiri. Aliyefukuzwa alirudishwa. Ningeweza kumsingizia meneja, lakini ukweli ni kwamba nilipenda kuwaona wakicheka, na nilipenda kuwa mimi ninayewachekesha.

Kitabu cha mwisho kilikuwa cha wafumaji wa nguo katika mji mmoja wa ng'ambo. Tajiri analeta mitambo inayowanyang'anya kazi. Wafumaji, badala ya kwenda kwake pamoja, wanaenda mmoja mmoja, na kila mmoja anapewa maneno matamu, kwamba tajiri atarudi kumwita. Wanangoja. Mwishoni wanapasua vyombo vyao vya kufumia wapate kuni. Mimi sikusoma hivyo. Nilisema tajiri alirudi siku ya mvua, akasimama barabarani, akawaita wote kwa majina. Kwamboka alipiga makofi.

Haukupita mwaka, mashine za kuchuma zikafika kwetu. Watu wachache na mashine moja walimaliza kabla ya saa sita eneo la kundi zima. Meneja akatangaza kwamba anayetaka kuhamia kiwandani ajaze fomu kabla ya mwisho wa mwezi, na nafasi ni chache. Mimi nilijaza siku ile ile. Nikampelekea Kwamboka fomu mpaka mlangoni.

"Ya nini?" aliniuliza. "Meneja anatujua majina. Hii mashine itaharibika, halafu atakuja kutuita mwenyewe."

Nilijua maneno hayo yametoka wapi. Nilikuwa na mdomo, sikuutumia. Niliona haya kukiri kwamba nilikuwa nikiwadanganya, nikarudi na fomu ikiwa tupu.

Nilimalizia kazi kiwandani, kwenye kunyausha, pale majani yanapopulizwa upepo hadi yalegee. Kwa kelele za feni huwezi kumsomea mtu. Kwamboka na wenzake walitolewa katika nyumba za kambi. Yeye alipanga chumba Kimulot, soko la karibu na shamba, akawa anafulia watu nguo.

Sasa nimestaafu, naishi Kimulot pia, na nilimkwepa kwa miaka mingi. Mwezi uliopita aliniita nikipita kando ya ua lake. Nywele zote nyeupe. Mjukuu wake amemwekea vitabu vya kusikiliza kwenye simu, naye husikiliza dakika kumi kila asubuhi kabla ya kuloweka nguo.

"Karani," alisema, "yule tajiri hakurudi."

Niliingia uani.

"Nimerudia mara tatu, nikafikiri ni simu imekosea. Mimi nilimngoja miaka minne. Kila mvua ikinyesha nilikuwa naangalia barabara."

Nilimwambia anisamehe. Nilimwambia nilitaka wacheke. Alikamua shati, akalianika, akaingia ndani, akatoka na kitabu chenyewe. Siku ya kufukuzwa alikuwa amekiokota kwenye taka za ukumbi, ingawa kusoma kwake ni kwa shida.

"Soma wewe, na mdomo yako. Usiruke."

Alama zangu za penseli zilikuwa bado pembeni. Nilisoma nikiwa nimesimama. Nilipofika pale mzee anapopasua chombo alichorithi kwa baba yake, nilifunga kitabu.

Kwamboka alichuchumaa kandokando ya beseni, kama alivyokuwa akichuchumaa kibandani.

"Endelea, Karani," alisema. "Trekta haijafika."