Krismasi za Bibi wa Kisima

Desemba ikifika, nusu ya mtaa wetu wa Mowlem, hapa Nairobi, hufunga milango ikaenda ushago, mashambani kwao. Mchezo wetu ulikuwa wa waliobaki: waliokosa nauli, mabawabu, na majirani zetu Waislamu ambao Krismasi haikuwahusu lakini kicheko kiliwahusu sana. Tuliuigiza kila Boxing Day, saa nane mchana, katika ukumbi wa mtaa.

Tuliutoa kwenye riwaya ya zamani, ile ambayo kizazi chetu kilisomeshwa kwa kiboko. Bibi tajiri ana kisima cha pekee kijijini. Ukame unaingia, naye anakitia kufuli. Kitabuni bibi huyo anatisha. Aliyemgeuza kichekesho ni kaka yangu mkubwa, fundi wa kuchomelea vyuma kule Baba Dogo, pande la mtu, aliyejitosa ndani ya gauni la marehemu mama yetu na kilemba juu. Mimi ndiye niliyeyaandika maneno, na nilimkataza. Nikamwambia atauharibu mchezo wangu. Akapanda jukwaani hivyo hivyo, watu wakacheka mpaka mlinzi wa ukumbi akaingia kuuliza kuna nini.

Mwaka wa tatu au wa nne alisahau maneno. Badala ya kuaibika aliwageukia watu akauliza, “Kwani nilikuwa nasema nini?” Mama mmoja muuza mboga, aliyeuona mchezo mwaka uliotangulia, akamjibu neno kwa neno. Tangu siku hiyo ikawa desturi: Bibi anaanza, ukumbi unamaliza. Miaka ikaenda, kaka akawa hata haanzi. Anainua kidole, anafungua mikono, na watu mia mbili wanajitukana wenyewe kwa niaba yake: “Maji yangu hamnywi, hata mkilia!” Nilinuna mwanzoni, maana hakuna mwandishi anayependa kunyang'anywa maneno. Baadaye nilikuwa nasimama nyuma ya pazia nikilia kwa raha.

Mwaka juzi kaka alipigwa na kiharusi akiwa kazini. Miguu ilirudi, maneno yakakataa. Anaelewa kila kitu, ila akifungua mdomo inatoka sauti moja tu, nzito, kama ya mtu anayenyanyua gunia. Mwaka jana, Novemba, nilipomtembelea, alikwenda mwenyewe sandukuni, akatoa lile gauni, akaliweka mapajani pangu. Mke wake akaniambia, “Wiki nzima analitoa na kulirudisha. Anakungoja wewe.”

Nikaona hapo hakuna tatizo. Bibi hahitaji mdomo, ukumbi utamsemea. Nilijiona mwerevu ajabu, jamani. Tukafanya mazoezi, sisi waigizaji watano tukijifanya watazamaji, na kila alipofungua mikono tulimjibu kwa nguvu. Kaka alicheka kwa mara ya kwanza tangu augue. Hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kwamba sisi tuliyajua maneno hayo hata usingizini.

Siku yenyewe nilikaa mlangoni kupokea watu. Ukumbi ulijaa. Lakini nyumba za zamani zilikuwa zimebomolewa, fleti zimepanda, na watu wetu wamehamia Joska na Kamulu, nje ya jiji. Tangu korona tulikuwa hatujaigiza. Kila sura iliyopita mbele yangu ilikuwa ngeni. Kijana mmoja akaniuliza, “Mathe, hii ni filamu ama ni kanisa?” Nilikuwa na dakika kumi za kwenda nyuma kumwambia kaka, tubadilishe, mmoja wetu akae kati ya watu. Nikajitia hamnazo. Nikajiambia watashika njiani.

Kaka akatoka. Gauni likawachekesha, sawa. Akainua kidole, akafungua mikono.

Kimya. Akadhani hawakumwona vizuri. Akasogea mbele, akafungua mikono tena, akitabasamu, akingoja. Mama mmoja wa mstari wa kwanza akamnyamazisha mtoto wake: “Nyamaza, acha mzee aongee.” Alisema kwa upole kabisa, na upole huo ndio ulionimaliza. Nikapiga kelele kutoka mlangoni, peke yangu, “Maji yangu hamnywi!” Watu wakageuka kuniangalia kama mlevi aliyeingia msibani.

Ndipo kaka akajaribu mwenyewe. Ikatoka ile sauti. Ukumbi mzima ukaangua kicheko, maana walidhani ndio uigizaji, na watoto wakaanza kumwigiza. Akajaribu tena, wakacheka zaidi. Alinitafuta kwa macho mle ndani mpaka akanipata. Mtu akafunga pazia.

Kabla ya siku hiyo alikuwa akienda kliniki kila wiki kufundishwa kuongea, na mke wake anasema alikuwa ameanza kupata silabi za jina la binti yao. Hajaenda tena. Wamemwomba, mchungaji amemwomba, daktari amepiga simu. Hafungui mdomo, hata ile sauti haitoi. Mimi huenda Jumapili baada ya ibada. Akinisikia napiga hodi, anajigeuza kitandani, anatazama ukuta. Navuta kiti, nauongelesha mgongo wake mpaka chai inapoa, kisha naondoka.